Gwashi na Marashi

Nikiulizwa kazi yangu, nasema mimi ni mchoraji, na papo hapo naulizwa kama naweza kuandika bango la saluni. Naweza. Nimeandika ya saluni, ya chipsi, ya fundi cherehani, na ya mganga mmoja aliyetaka nimchoree nyoka aliyevaa miwani kwa sababu, alisema, nyoka wake ni msomi. Hayo mabango ndiyo yanayoniweka mjini, katika chumba changu cha uani huko Kawe. Lakini kazi ninayoiita kazi naifanya kwa gwashi, na ndiyo iliyonigombanisha na ukoo mzima wa mama yangu.

Gwashi ni rangi ya maji, ila si ile nyepesi inayoacha weupe wa karatasi uchungulie. Hii imeshindiliwa unga wa rangi mpaka ikawa nzito, ikashikwa kwa gundi ya mgunga, na ukiipaka inafunika kabisa kilicho chini yake. Unaweza kupaka njano juu ya nyeusi, na nyeusi ikasahaulika. Zamani ndiyo iliyokuwa ikichorewa mabango na picha za vitabu vya watoto, kwa sababu ikikauka haing'ai hata kidogo. Inatulia kama ukuta uliopakwa chokaa.

Ina vituko vyake. Rangi za mwanga zikikauka zinakolea, na za giza zinapauka, kwa hiyo unachanganya kitu kimoja, unakwenda kunywa chai, unarudi unakuta kingine. Tyubu ya nyeupe inaisha kabla ya zote. Na hata ikauke miaka mingapi, gwashi haisahau kwamba ilikuwa ya maji. Iguse kwa kitambaa kibichi na itaamka, itateleza, itakuachia uchafu mkononi. Ndiyo maana huwa inawekwa nyuma ya kioo.

Sasa jaribu kuileta rangi isiyong'aa katika mji huu. Dar inapenda kinachong'aa. Vigae ving'ae mpaka mgeni ateleze, dari ya jipsamu iwe na taa zinazobadilika kijani na zambarau kama ukumbi wa harusi, sofa libaki na nailoni yake ya dukani ili lisipoteze mng'ao, na wewe ukikaa ugande. Nimewahi kupeleka picha zangu kwenye maonyesho ya hoteli moja. Mama mmoja mwenye manukato ya kutosha kijiji kizima akazitazama kwa huruma, akaniuliza, "Sista, hizi bado hujazimalizia, eh?" Nikamwambia zimeisha. Akanishika bega, akasema nisikate tamaa.

Mtu mmoja tu katika ukoo wetu ndiye aliyeipenda gwashi bila kuombwa, naye ni bibi yangu mzaa mama, na aliipenda kwa sababu ya macho yake. Jicho moja lilishazimwa na presha ya macho. Lililobaki linaona, ila halivumilii mng'ao. Mwonyeshe picha kwenye simu, anaona mwanga mweupe. Mwonyeshe ile picha ya harusi yake iliyo ndani ya kioo, anaona dirisha. Daktari alimwambia waziwazi kwamba hilo jicho lilipofika ndipo hapo, na tulilinde.

Siku moja nilikwenda kwake Temeke nikiwa na mkoba wa kazi, na ndani yake kipande cha karatasi nilichokuwa nimejaribia rangi kwa kuchora bamia. Akakitoa akidhani ni karatasi ya kufungia kitu. Akakisogeza puani, kama anavyofanya na kila kitu.

"Bamia," akasema.

Nikadhani ananitania. Anapenda kunitania. Mimi ni mke mwenzake, ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa marehemu babu alikuwa akinishika mkono na kusema amepata bibi harusi mpya.

"Bamia gani, mke mwenza?"

"Si hizi hapa, tena zimekomaa, hazifai. Hii ina kikonyo kimevunjika. Mbona hii naiona?"

Aliigeuza huku na huku, akautafuta mng'ao, hakuupata. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo katika kazi hii. Bibi yangu alikuwa hajaona picha yoyote kwa muda mrefu, na sasa alikuwa anakosoa bamia zangu.

Baada ya hapo ndipo mjomba alipoamua nyumba iuzwe.

Mjomba ni mtoto wa kiume pekee wa bibi, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu mwenye sauti ya kuombea dua hata anapoomba chumvi. Alikuwa amejenga nyumba mpya huko mbele ya Mbezi Luis, juu kilimani, na alitaka mama yake akapumzike huko kwenye hewa safi. Nyumba ya Temeke ingekwenda kwa mtu aliyetaka kupandisha ghorofa la maduka. Tukaitwa kikao. Mama yangu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa kwa niaba yake, maana yake nilikuwa napeleka chai. Mjomba akasema, "Mama ameridhia." Mama mkubwa, dada yake, akasema alhamdulillahi. Bibi wakati huo alikuwa chumbani anaswali.

Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati, uani kwa nyuma, kibaraza kwa mbele. Ila kibaraza kilikuwa kimebaki nusu. Miaka mingi nyuma mjomba alikata upande wa kulia akajenga duka dogo, la vifaa vya simu mwanzo, halafu la vocha, halafu la kuku wa kukaanga, halafu la kufunga kabisa. Akaweka na dirisha la alumini lenye kioo cha buluu, la kwanza mtaani, akalisifia mpaka mtaa mzima ukapata madirisha ya alumini ili asilisifie tena.

Baada ya kikao nilimkuta bibi ameketi kitandani, anapapasa ukuta. Hakuwa analia. Alikuwa anaupapasa kama mtu anayetafuta swichi.

"Kule niendako nitaona nini?" akaniuliza. "Hapa hata nisipoona najua. Kule mke mwenzio nitakaa tu na macho."

Nikamwambia nitamchorea nyumba yake aende nayo. Niliyasema bila kufikiri, lakini nilipoyasikia nikaona ndiyo jambo la maana kuliko yote niliyowahi kuahidi. Nyumba ingevunjwa. Picha za kioo kwake ni bure, simu ni bure. Kama angeiona tena nyumba yake kwa jicho lililobaki, ingekuwa kwa gwashi au isingekuwa kabisa.

Nikahamia ng'ambo ya barabara na kigoda changu, ubao uliobandikwa karatasi nene kubwa ya kutosha kufunika sinia la pilau, na sahani ya bati ya kuchanganyia rangi. Ukichora hadharani Temeke unapata walimu wengi. Kijana wa bodaboda akaegesha karibu yangu.

"Sista, si upige picha na simu tu? Fasta umemaliza."

Nikamwambia bibi yangu haoni picha za simu.

"Basi printi kubwa, kama ya mgombea."

Mama wa vitumbua alikuja kila asubuhi kulalamika kwamba ukuta nimeuchafua. Nilimwonyesha ukuta wenyewe, mchafu. "Ndiyo," akasema, "lakini mwenzio akichorwa hupendezeshwa." Babu mmoja mwenye kanzu, nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, akainama akaitazama picha kwa muda, akasema, "Mwanangu, umeishiwa vanishi?"

Picha ikaisha. Nilichora nilichokiona: kibaraza nusu, duka lililofungwa, dirisha la buluu, bati lenye kutu, mlango wa mbao, na kuku wa jirani aliyepita mbele ya ngazi kama mwenye nyumba. Bibi aliileta puani, akaipitia polepole kutoka kushoto. Mlango aliutambua, ngazi aliitambua, kuku akamtukana kwa sababu alikuwa akimchafulia kibaraza kila siku. Alipofika upande wa duka akaiondoa puani. Akairudisha mikononi mwangu, akasema, "Umepatia." Nikaridhika, mpumbavu mimi.

Kisha ukoo ukaingia kazini.

Wa kwanza alikuwa mume wa mama mkubwa, ambaye ndiye mwangalizi wa dini zetu sote. Akaikagua picha akatikisa kichwa. "Humu kuna kiumbe chenye roho. Huyu kuku ukutani hafai." Simu aliyokuwa ameishika ilikuwa na picha yake mwenyewe kwa mbele, ameegemea gari la mtu. Sikubishana. Nikachanganya rangi ya ukuta, nikamfunika kuku. Ndiyo raha ya gwashi, mipigo michache ya brashi na kuku akawa hajawahi kuzaliwa.

Wa pili mjomba. Yeye alitaka fremu ya dhahabu na kioo, na aliniambia kwa upole, kama anavyoongea na wagonjwa, kwamba picha bila kioo ni sawa na mtu kwenda msibani na kaptura. Nikamweleza kuhusu jicho. Akasema kuna vioo vya kisasa. Tukaenda wote kwa fundi wa fremu Kinondoni, tukachukua hicho kioo cha kisasa, tukakileta kwa bibi, nikakiweka mbele ya picha.

"Unaiona, mama?"

"Naona taa, baba. Nzuri sana. Ni ya nini?"

Mjomba akakubali kioo kiondoke, lakini dhahabu ibaki. Ikabaki. Picha yangu iliyotulia ikazungushiwa maua ya dhahabu ya kushoto na kulia, yakikulazimisha utazame kwingine.

Siku ya kuhama wote walikuja. Wajukuu, wakwe, majirani, hata binamu ambao huwa wanaumwa kila ukiwahitaji. Wakapiga picha mbele ya nyumba mpaka simu zikapata moto. Wakatuma kwenye kundi la familia na vikatuni vya kulia. Jumatatu yake tingatinga likaja, na walioleta vikatuni hawakuleta hata mtu mmoja wa kusimama pale. Mimi nilisimama. Mlango ulikuwa umeng'olewa kabla, ukauzwa.

Nyumba ya Mbezi ina kila kitu. Ina vigae vinavyomwonyesha bibi jua lililoko chini ya miguu yake. Ina televisheni pana kama kitanda. Ina bafu ambalo bibi alishindwa kulifungua, na alipolifungua, akashindwa kulifunga. Picha nilitaka iwe chumbani kwake, mbele ya kiti. Mama mkubwa akakataa katakata. Mjomba alikuwa anafanya maulidi ya kuingia nyumba, wageni watatoka kila kona, na picha ikae sebuleni watu waone kwamba sie si wa kuja, sie wenyeji wa mji.

"Basi isiguswe na maji," nikasema. "Mama mkubwa, nakuomba. Hii rangi ni ya maji na haina kioo. Tone tu linaiharibu."

"Wewe nawe! Sebuleni nani ataitia maji? Watu wanakuja kusoma maulidi, hawaji kufua."

Nikakubali, kwa kuwa hayo maneno yalikuwa na akili.

Maulidi yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai na matari yao, sisi wanawake tumejazana sebuleni juu ya mazulia, nguo mpya, udi umefuka mpaka taa za zambarau zikawa hazionekani, na hilo nalo lilikuwa baraka. Bibi alikaa kwenye kochi la mbele chini ya picha, amevikwa kanga mpya, anashikwa mkono na kila aingiaye.

Ukafika ule wakati wa kusimama. Nje sauti zikapanda, ndani tukainuka, chetezo kikapitishwa, na mama mkubwa akatoka chumbani na mrashi wa fedha wa mama yake bibi, ule wenye shingo ndefu na tundu kichwani, ambao hutolewa kwa mambo makubwa tu. Akaanza kutunyunyizia marashi mmoja mmoja, vichwani, mikononi, na sisi tunajipaka usoni huku tukisalia Mtume. Mama mkubwa na mrashi si mtu wa kawaida. Hanyunyizi, anamwagilia.

Akamnyunyizia bibi. Kisha akainua macho, akaiona nyumba ya wazazi wake ukutani, na uso ukambadilika. Naapa alikuwa na nia njema, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina hata wa kumchukia vizuri.

"Na wewe," akaiambia picha, machozi yakimlenga, "na wewe nyumba yetu usikose."

Akaupiga mrashi. Mara moja, halafu tena, halafu mara ya tatu kwa mkono wote.

Nilikuwa upande wa pili wa sebule, katikati yetu kuna wanawake waliosimama kwa ibada. Nikaita, lakini nje walikuwa wameita zaidi. Niliiona rangi ikiamka. Bati likaanza kushuka ukutani. Dirisha la buluu likamwagikia duka, duka likamwagikia ngazi, na ile rangi ya ukuta niliyoipaka mwisho, kwa kuwa ilikuwa juu, ikatangulia kuteleza. Chini yake, mbele ya umma wa waumini, akatokea kuku.

"Inalia!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Jamani nyumba inalia!"

Simu zikatoka. Wengine wakasubhana, mmoja akapiga kigelegele, na binamu wa kuumwa akaanza kurekodi kwa sauti ya mtangazaji. Mama mkubwa akadhani amefanya jambo kubwa la kheri, akaongeza.

Nilipofika nikaunyang'anya ule mrashi. "Nilisema isitiwe maji!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, mkono bado uko juu.

"Mie nimeitia maji? Hayo marashi!"

Halafu kila mtu akawa mtaalamu. Mjomba aliitwa kutoka nje, akaja na kofia yake, akatazama, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyesubiri siku hii. "Ndiyo maana nilisema kioo." Mume wa mama mkubwa, aliyeingia nyuma yake, alikuwa hana habari na nyumba, amekodoa macho kwa kuku. Wakwe wakashauri ipigwe pasi. Mmoja akasema ianikwe juani, ukweli utarudi wenyewe.

Bibi alikuwa amegeuka. Alimshika mkono mjukuu aliyekuwa karibu, akainuka, akapeleka uso kwenye picha mpaka pua yake ikapata rangi. Akatafuta. Akahama kidogo, akatafuta tena. Kelele zikapungua.

"Nani kaikoroga nyumba yangu?" akauliza.

Mama mkubwa akaanza kulia kwa nguvu ili abembelezwe yeye. Nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi nyumbani, msikitini wala barabarani, nikataka kuwatoa wote nje na biriani lao. Nikaibandua ile picha na dhahabu yake, nikaingia nayo chumbani kwa bibi, nikafunga mlango.

Sifa moja ya gwashi ni kwamba kilichoharibiwa na maji kinatengenezeka kwa maji. Ingekuwa rangi ya mafuta ningelia. Nikaiacha ikauke kabisa, na juma lililofuata nikarudi Mbezi na sahani yangu ya bati. Upande wa kushoto ulikuwa umesalimika. Upande wa kulia, wa duka, ulikuwa uji.

Tatizo lilikuwa nichungulie wapi. Nyumba haikuwepo. Nikaomba picha kwenye kundi la familia, zikaja nyingi mpaka simu ikakwama. Nikazipitia zote. Binamu na midomo mbele, binamu na vidole viwili, shemeji na miwani, mjomba mikono kifuani, mama mkubwa na pochi mpya. Nyumba haikuonekana. Kila mahali palipokuwa na ukuta, palikuwa na kichwa cha mtu wa ukoo wetu.

"Niulize mimi," bibi akasema.

Akakaa kwenye kiti, mimi sakafuni na ubao. Mjomba alikuwa nyumbani siku hiyo, akasimama mlangoni kusimamia, kwa kuwa hawezi kuona kazi ikifanyika bila kuisimamia. Nikamwuliza bibi rangi ya duka.

"Kijivu," mjomba akajibu. "Na dirisha buluu, ile buluu ya bahari. Usisahau, lile dirisha lilikuwa la kwanza mtaani."

"Kabla ya duka," bibi akasema, "palikuwa na nini hapo?"

Nilidhani ananiuliza mimi, nami sikujua, nilikuwa mdogo. Mjomba akacheka. "Mama, kabla ya duka palikuwa na kibaraza tu."

"Chora hicho."

"Lakini mama, mwenzio anachora nyumba ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa." Alikuwa anasema taratibu, uso umeelekea kwangu. "Kibaraza kilifika mpaka mwisho wa ukuta. Pale pembeni palikuwa na mkeka wangu, na juu yake kipande cha kanga cha kuzuia jua. Mie nilikuwa nakaa hapo baada ya alasiri, naona mtaa wote mpaka kule kisimani. Namwona kila apitaye. Namwona babu yako akirudi tangu yuko mbali, najua leo kaudhiwa au hakuudhiwa kwa anavyotembea. Paka mkeka, mke mwenza. Ulikuwa na mstari mwekundu."

Nikachukua rangi ya ukuta, nzito, nikaanza kulifunika duka. Halikubisha. Kijivu kikaenda, dirisha la buluu likahitaji mikono miwili ya rangi kwa kuwa buluu ni king'ang'anizi, nalo likaenda. Mjomba akasogea hatua moja ndani ya chumba.

"Lile duka ndilo lililowasomesha watoto wetu," akasema. Sauti ya dua ilikuwa imemtoka, alikuwa anasema kama mtu mwingine yeyote. "Mama, lile duka lilikulisha."

"Lilinilisha. Nimekataa?" Bibi alinyoosha kanga mapajani. "Lakini ulipolijenga nilihamia uani. Macho yangu yalikuwa mazima bado, baba. Miaka yote ile nina macho mazima, nautazama ukuta wa choo. Yamekuja kuharibika sijaona kitu."

"Hukusema."

"Ulikuja na mafundi."

Mimi niliinamisha kichwa, nikachora mstari mwekundu wa mkeka kwa furaha mbaya na kwa huzuni pia. Mjomba akatoka, na tukasikia ndala zake zikiteleza kwenye vigae.

Tulimaliza tukiwa wawili. Bibi aliniambia kivuli cha kanga kiangukie wapi, na mtungi uliokuwa karibu na nguzo, na kwamba mlango saa hizo huwa wazi. Nikamwuliza na habari za kuku. Bibi akafikiri, akasema mwache hapo alipo, kwa kuwa ni wa jirani na hatujamwomba ruhusa ya kumfuta. Picha ikawekwa ukutani kwake, chini chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, bila kioo na bila dhahabu. Bibi mwenyewe akaomba kiti kigeuzwe. Televisheni ya chumbani, zawadi ya mjomba, ikabaki nyuma ya kisogo chake.

Siku hizi nikienda Mbezi namkuta hapo baada ya alasiri, ameinama mbele kidogo, mikono magotini. Hapendi kusemeshwa sana wakati huo. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa kitandani kwake namenya machungwa, mjomba akaingia kutoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Hakumwamkia kutoka nyuma, angalau adabu hiyo anayo. Alizunguka kiti akaja kusimama mbele yake, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema bibi, akainyoosha shingo upande kumkwepa. "Sogea kidogo. Umenizibia mtaa."